Edward Moringe Sokoine: Ofisa wa Halmashauri Aliyefika Uwaziri Mkuu

Mwana-Songwe yeyote aliyewahi kwenda Mbeya kuangalia mpira ameketi kwenye Uwanja wa Sokoine. Mabwana shamba wengi wanaotembelea kahawa na mahindi yetu wamepitia Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Na sisi tunaofanya kazi Dar es Salaam tunapita Barabara ya Sokoine tukienda benki au bandarini bila hata kuliangalia bango. Jina tunalo mdomoni kila siku. Lakini muulize kijana wa Vwawa au Tunduma leo Sokoine alikuwa nani. Atakujibu kwamba alikuwa Waziri Mkuu akafa kwa ajali ya gari, na hapo anaishia.

Katika kijarida hiki cha harambee tunaomba michango ya kumalizia majengo ya huduma vijijini kwetu: madarasa, zahanati, vyoo vya shule, nyumba za walimu na wauguzi. Nilipoombwa kuandika habari za maisha ya mtu mashuhuri, nilimchagua Sokoine kwa jambo moja ambalo husahaulika. Kabla ya ubunge na uwaziri, alikuwa mtendaji wa halmashauri ya wilaya, tena wilaya ya vijijini, kubwa na yenye shida ya maji na barabara. Kazi aliyoifanya ni ile ile ambayo leo inafanywa na wakurugenzi wetu wa Mbozi, Ileje, Momba, Songwe na Mji wa Tunduma. Katika uhai wake aliziona halmashauri zikijengwa, zikafutwa, kisha zikarudishwa. Alifariki miezi michache tu baada ya kurudishwa. Kwa mtu anayetaka kuelewa kwa nini jengo la kijiji linaweza kukaa miaka bila bati, maisha yake yana mengi ya kutufundisha.

Alizaliwa tarehe 1 Agosti 1938 huko Monduli, katika jamii ya Wamasai. Enzi hizo mtoto wa kifugaji kupelekwa shule halikuwa jambo la kawaida, na wazazi wengi waliona ni kumpoteza mchungaji. Alianza shule Monduli mwaka 1948, akaendelea hadi sekondari ya Umbwe kule Kilimanjaro, ambako alikuwa mpaka mwaka 1958. Mwaka 1961, nchi ilipopata uhuru, alijiunga na TANU. Mwaka uliofuata alikwenda Ujerumani Magharibi kusomea utawala, na mwaka 1963 alikuwa amerudi nyumbani. Hapo akapewa kazi ya Ofisa Mtendaji wa Wilaya ya Masai. Alikuwa na miaka 25.

Naomba tutulie kidogo hapa, maana watu huruka kipindi hiki haraka kwenda kwenye uwaziri mkuu.

Wilaya ya Masai ya wakati ule ilikuwa eneo ambalo sasa limegawanywa kuwa wilaya za Monduli, Longido, Ngorongoro, Simanjiro na Kiteto. Ukiichukua ramani utaona ni nchi nzima. Mwaka huo huo wa 1963 ndipo Serikali ilipofuta mamlaka ya machifu, na kazi zilizokuwa zikifanywa na mamlaka za wenyeji zikaangukia mikononi mwa halmashauri za wilaya zenye madiwani wa kuchaguliwa. Halmashauri ndiyo iliyoendesha shule za msingi, zahanati, barabara ndogo za vumbi na visima. Kwa wafugaji ziliongezwa kazi za malambo, majosho na minada ya ng'ombe.

Fedha zilitoka wapi? Zilitoka kwenye kodi ya kichwa iliyolipwa na kila mwanamume mzima, kwenye ushuru wa mazao au mifugo, na kwenye ruzuku ya Serikali. Wazee wetu wa Mbozi waliouza kahawa miaka ile wanaukumbuka ushuru uliokatwa kabla hawajashika hela zao. Hakuna aliyependa kukatwa. Ila makato yale yalikuwa na faida moja ambayo mimi kama mhasibu naiona haraka: mlipaji na mtumiaji wa fedha waliishi wilaya moja. Darasa likivuja, mzazi alijua ofisi ya kwenda kuuliza, na aliyeulizwa hakuweza kusema jambo hilo liko kwa wakubwa Dar es Salaam.

Kijana wa miaka 25 aliyekaa kwenye kiti hicho alikuwa na kazi mbili zisizopendana. Alipaswa kukusanya kwa watu ambao ni ndugu zake, na alipaswa kueleza kilichofanyika na walichotoa. Ndiyo kazi ya kila mtendaji wa kijiji na kata mpaka leo, na yeyote aliyewahi kupita nyumba kwa nyumba na kitabu cha stakabadhi anajua ugumu wake. Naamini ukali wa Sokoine katika mambo ya fedha za umma, uliomtambulisha baadaye nchi nzima, ulianzia hapo. Mtu aliyewahi kupokea shilingi kutoka mkononi mwa maskini, akamwandikia risiti, hawezi kuiona hazina ya umma kama mtu aliyeanzia kazi juu.

Mwaka 1965 ulifanyika uchaguzi mkuu wa kwanza chini ya chama kimoja, ule wa alama za jembe na nyumba. Sokoine aligombea jimbo la Masai akashinda, akaingia bungeni akiwa na miaka 27. Miaka miwili baadaye, 1967, aliteuliwa Naibu Waziri katika wizara ya Mawasiliano, Uchukuzi na Kazi.

Kwa sisi watu wa mpakani mwaka huo si mdogo. Rhodesia ya Ian Smith ilikuwa imejitangazia uhuru wa walowezi mwaka 1965, na Zambia, ambayo ilitegemea njia za kusini kupitisha shaba na mafuta, ikawa kama mtu aliyefungiwa mlango. Njia iliyobaki ilikuwa ya kwetu. Barabara kuu ya kwenda Zambia ilikuwa ya vumbi, malori yakizama na kupinduka kila msimu wa mvua. Bomba la mafuta la TAZAMA kutoka Dar es Salaam hadi Ndola lilikamilika mwaka 1968. Septemba 1967 Tanzania, Zambia na China zilisaini makubaliano ya kujenga reli. Ujenzi ukaanza 1970, mataruma yakafika Tunduma mwaka 1973, na reli nzima ya kilometa 1,860 ikakabidhiwa mwaka 1976. Naibu waziri huyu kijana alihudumu katika wizara hiyo wakati mipango hiyo inaiva. Siwezi kumpa yeye sifa ya reli, kwani ile ilikuwa kazi ya nchi tatu na viongozi wakuu wake. Ila ni vizuri tujue kwamba Tunduma ya leo, yenye foleni ya malori na kituo cha pamoja cha forodha na Nakonde kilichozinduliwa mwaka 2019, ilianza kupata sura yake katika miaka ile.

Mwaka 1970 Sokoine akawa Waziri wa Nchi, na mwaka 1972 akapewa Wizara ya Ulinzi. Katika mwaka huo huo wa 1972 likatokea jambo ambalo lilibomoa ile ofisi aliyoanzia kazi.

Serikali ilitangaza mpango wa Madaraka Mikoani. Nia ilikuwa nzuri: kuwatoa wataalamu wizarani na kuwapeleka mikoani na wilayani ili mipango ipangwe karibu na wananchi. Halmashauri zilikuwa dhaifu kweli. Kodi ya kichwa ilifutwa mwaka 1969, ushuru wa mazao ukafuata 1970, kwa hiyo zilibaki na majukumu mengi bila mfuko. Lakini dawa iliyotolewa ilikuwa kuziondoa kabisa. Halmashauri za wilaya zilifutwa mwaka 1972, na za miji zikafuata baadaye kidogo. Mahali pake wakaja Wakurugenzi wa Maendeleo wa mikoa na wilaya walioteuliwa na Serikali Kuu, wakipokea fedha kutoka Serikali Kuu na kutoa hesabu kwa Serikali Kuu.

Mhasibu huuliza swali moja kwenye kila mfumo: hesabu zinasomwa mbele ya nani? Kabla ya 1972 zilisomwa mbele ya madiwani waliochaguliwa na walipa kodi. Baada ya hapo zilipanda juu. Mkulima wa Igamba au Kamsamba hakuwa na kikao cha kwenda kusikiliza hela za barabara yake zimekwenda wapi. Na kwa kuwa hakuwa akichangia moja kwa moja, polepole akaanza kuona shule ni ya Serikali, zahanati ni ya Serikali, na paa likiezuliwa na upepo ni Serikali itakuja kuliezeka. Tabia hiyo tumeirithi, na bado tunaikuta kwenye mikutano yetu ya michango.

Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vilivunjwa. Kwa wakulima wa kahawa wa Mbozi lilikuwa pigo la pili ndani ya miaka minne, maana ushirika ulikuwa mahali pengine ambapo mwananchi wa kawaida aliweza kusimama na kudai hesabu.

Tarehe 13 Februari 1977, siku chache baada ya CCM kuzaliwa, Mwalimu Nyerere alimteua Sokoine kuwa Waziri Mkuu badala ya Rashidi Kawawa. Alikuwa na miaka 38. Hapa ndipo historia inapopinda kwa namna ya kuvutia. Katika mfumo wa Madaraka Mikoani, mikoa na wilaya zilisimamiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu. Kwa hiyo aliyekuwa ofisa wa halmashauri sasa ndiye mkubwa wa mfumo uliochukua nafasi ya halmashauri. Kila Mkurugenzi wa Maendeleo nchini, na yule wa Mbozi akiwemo, kamba yake iliishia ofisini kwake.

Ilikuwa miaka ya ahadi kubwa. Elimu ya msingi kwa wote ilianza mwaka 1977 na madarasa yakajengwa kwa kasi, mengi kwa nguvu za wananchi wenyewe, kwa matofali yao na mchanga wao. Tangu 1971 Serikali ilikuwa na mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwanakijiji maji safi umbali usiozidi mita 400, ifikapo 1991. Miradi ilijengwa, mabomba yakatandazwa, matangi yakapanda. Halafu dizeli ikapanda bei, vipuri vikakosekana kwa uhaba wa fedha za kigeni, na pampu nyingi zikanyamaza. Hakukuwa na mfuko wa kijiji wa kununua hata mkanda wa injini, kwa sababu mradi ulijengwa na mkoa na kijiji kilisubiri mkoa uje kuutengeneza. Ndiyo maana leo sheria ya maji vijijini ya mwaka 2019, iliyounda RUWASA, inasisitiza vyombo vya watumia maji vyenye akaunti na mapato yake. Kilio cha miaka ya 1970 kimo ndani ya sheria hiyo.

Oktoba 1978 Idi Amin alivamia Kagera, na vita vikachukua kila kitu: magari, mafuta, vijana na fedha. Ushindi ulipatikana 1979, lakini nchi ilitoka vitani ikiwa imefilisika. Novemba 1980 Sokoine aliondoka katika uwaziri mkuu, sababu iliyotajwa ikiwa afya, na nafasi yake ikachukuliwa na Cleopa Msuya.

Wakati yeye yuko nje ya ofisi hiyo, mwaka 1982 Bunge lilipitisha sheria zilizorudisha serikali za mitaa. Sheria Namba 7 ilihusu mamlaka za wilaya, Namba 8 mamlaka za miji, na Namba 9 fedha za serikali za mitaa. Namba 9 ndiyo ninayoipenda, na wenzangu wa fani wataniunga mkono, kwa sababu inaeleza halmashauri itakusanya nini, itaweka wapi na itatoa hesabu kwa nani. Vyama vya ushirika navyo vilirudishwa kwa sheria ya mwaka huo huo. Tusimpe Sokoine sheria ambazo hakuzipeleka bungeni akiwa Waziri Mkuu. Lakini aliporejeshwa kwenye nafasi hiyo tarehe 24 Februari 1983, kazi ya kuzigeuza kutoka karatasi kuwa ofisi ilimkuta yeye.

Watu hawakumbuki hilo. Wanakumbuka vita dhidi ya wahujumu uchumi.

Wenye umri wa miaka 50 na kuendelea hawahitaji kusimuliwa hali ilivyokuwa. Sabuni, sukari, mafuta ya kula na khanga vilikuwa adimu. Watu walipanga foleni kwenye maduka ya kaya tangu alfajiri, na mpakani magendo yalikuwa ndiyo biashara. Machi 1983 msako ulianza nchi nzima. Watu zaidi ya elfu moja walikamatwa, bidhaa zilizofichwa zikatolewa majumbani, na wengine kwa hofu walizitupa usiku vichakani na mitoni. Wananchi wa kawaida walishangilia. Kwa mara ya kwanza waliona mkubwa anaguswa.

Upande wa pili nao lazima usemwe. Washtakiwa walipelekwa mbele ya baraza maalumu, bila dhamana na bila wakili, na walikuwemo waliokamatwa kwa fitina au kwa kumiliki akiba ndogo ya dukani. Mwaka uliofuata sheria hiyo ilibadilishwa, mashauri ya namna hiyo yakarudishwa kwenye utaratibu wa mahakama. Ipo pia Sheria ya Nguvukazi ya 1983, iliyowakusanya mijini watu wasio na kazi na kuwarudisha vijijini kulima. Wengi wao walirudi mjini kabla ya mvua kwisha. Kwa maoni yangu msako ulionyesha ujasiri wa mtu, ila haukujaza maduka. Sukari haikuwepo kwa sababu viwanda havikuzalisha, na hakuna msako unaozalisha sukari. Pamoja na ukali huo, Serikali yake iliruhusu mwaka 1983 mabasi ya watu binafsi kubeba abiria Dar es Salaam, ndiyo haya tunayoyaita daladala. Hapo alikubali kwamba shirika la umma limeshindwa kazi, akafungua mlango.

Kazi ya halmashauri iliendelea kimyakimya chini ya kelele hizo. Januari 1984 halmashauri za wilaya zilianza kazi upya. Watumishi walihamishwa, majengo yakagawanywa, madiwani wakakaa tena kwenye viti vilivyokuwa vitupu kwa zaidi ya miaka 11. Ikaja pia kodi ya maendeleo kwa kila mtu mzima, ambayo wengi wetu tunaikumbuka kwa mbio za kuwakimbia mgambo asubuhi. Ilifutwa mwaka 2003. Mwalimu mwenyewe mwaka huo wa 1984 alikiri hadharani kwamba kufuta halmashauri na vyama vya ushirika lilikuwa kosa. Si viongozi wengi wanaokiri jambo la ukubwa huo wakiwa bado madarakani.

Tarehe 12 Aprili 1984 Bunge lilikuwa limemaliza kikao Dodoma. Sokoine aliondoka kwa gari kurudi Dar es Salaam. Eneo la Wami Dakawa, kabla ya kufika Morogoro mjini, gari lake liligongana na gari jingine, akafariki. Mwalimu alilitangazia taifa redioni. Alizikwa kwao Monduli Juu. Alikuwa na miaka 45, umri ambao wengi wetu tunaoandika na kusoma kijarida hiki tuko nao au tumeupita. Salim Ahmed Salim akachukua uwaziri mkuu, na mwaka uliofuata Mwalimu aling'atuka. Wengi walikuwa wakimtazama Sokoine kama mtu ambaye angemrithi. Julai 1984 kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipandishwa kuwa chuo kikuu kamili na kupewa jina lake.

Kwetu, Halmashauri ya Wilaya ya Mbozi iliyoanza upya mwaka ule imezaa nyingine. Momba imetoka humo, na Tunduma ikawa mji wenye halmashauri yake. Ileje ilikuwepo upande wake, na Songwe ikamegwa kutoka Chunya. Januari 2016 mkoa ukazaliwa, makao makuu yakiwa Vwawa. Kila mgawanyo umesogeza ofisi karibu na mwananchi, jambo jema kwa mtu wa Kapele au Ndalambo ambaye zamani alisafiri siku nzima kufuata saini. Lakini kila mgawanyo pia umegawa kapu la mapato. Tunduma ina ushuru wa mpakani, maegesho ya malori, masoko na nyumba za wageni. Momba, iliyoachiwa vijiji vya bondeni kuelekea Ziwa Rukwa, inategemea mpunga, ufuta na mifugo. Mtu wa Tunduma akiona barabara za mji wake zinachongwa, akumbuke kwamba shangazi yake aliyeko Msangano hana kapu la namna hiyo.

Hapa ndipo michango yetu inapoingia. Utaratibu unaotumika sasa tunaufahamu: wananchi wanaanza kwa matofali, mawe, mchanga na nguvu zao, wananyanyua boma hadi kwenye lenta, halafu halmashauri au Serikali Kuu inaleta fedha za kupaua na kumalizia. Utaratibu huu unatoa majengo mengi kuliko bajeti peke yake ingeweza kutoa. Shida yake ni kwamba maboma huota haraka kuliko mabati. Mwaka wa uchaguzi kila kitongoji huanza zahanati yake. Miaka mitatu baadaye ukipita barabara ya Mlowo kwenda Kamsamba unaona kuta zisizo na paa, mvua imelainisha matofali ya juu, mbuzi wamehamia ndani. Kwenye vitabu vya halmashauri huo unaitwa mradi unaoendelea. Mimi naita mtaji uliolala, tena unaopungua kila masika.

Kwa hiyo chama chetu hakianzishi boma jipya. Fedha za harambee zitakwenda kwenye majengo yaliyokwishafika lenta, katika vijiji ambavyo mkutano mkuu wa kijiji umekaa na kukubali, na ambavyo halmashauri imethibitisha kwa maandishi kwamba italeta watumishi na vifaa. Zahanati yenye bati na isiyo na muuguzi haimsaidii mama mjamzito wa Isansa. Uthibitisho huo tunautaka kabla ya kutoa shilingi ya kwanza, kwa sababu baada ya kupaua hatuna tena cha kumshikia mtu.

Ujenzi wenyewe utasimamiwa na kamati za kijiji, kama ilivyo kwenye miradi ya Serikali inayotumia mafundi wa kijijini: kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, kila moja na watu wake. Tafadhali msione utitiri huo wa kamati kama urasimu. Anayenunua saruji asiwe ndiye anayeihesabu ikishushwa. Ukiunganisha kazi hizo mbili kwa mtu mmoja, hata awe mcha Mungu kiasi gani, mifuko 100 itafika 92, na hakuna atakayejua minane imebaki kwenye lori la nani. Sisi tulioko mijini tunapenda kutuma hela kwa simu kwa ndugu mmoja tunayemwamini kijijini. Tunampa mzigo usio wake. Akifanya vizuri hana karatasi ya kujitetea, na akiteleza tunavunja undugu.

Taarifa ya mapato na matumizi ya kila jengo itabandikwa ubao wa ofisi ya kijiji husika na kusomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji kila baada ya miezi mitatu, kisha nakala italetwa kwenye mkutano wetu wa mwaka. Mwanachama yeyote akifika likizo anaruhusiwa kuomba leja na kuhesabu mabati juu ya paa. Viongozi wa vijiji waliokwisha kukubali sharti hilo wamelipokea bila manung'uniko, na wawili watatu walisema limewaondolea maneno ya mitaani.

Fomu ya ahadi ipo ukurasa wa mwisho. Andika jina, kiasi, tarehe utakayolipa, na kijiji unachotaka mchango wako uende. Usipotaja kijiji, utaingia kwenye mfuko wa wilaya zenye mapato madogo, yaani Momba, Ileje na Songwe. Lipa kwenye akaunti ya chama pekee, na udai stakabadhi. Isipokufikia ndani ya siku 14, mpigie mweka hazina, na asipopokea, njoo nayo mkutanoni.